Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya uchumi wa mikoa: ajira mnazozihesabu zimetoka wapi?

Kwa viongozi wenye dhamana ya mipango ya maendeleo, uwekezaji na takwimu za ajira, katika mkoa, jimbo, kaunti au wilaya, kwa jina lolote eneo hilo linaloitwa,

Waheshimiwa,

YAH: TATHMINI YA MIRADI YA UCHUMI NA HALI YA SOKO LA AJIRA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtathmini wa miradi. Hupokea mafaili fedha zikishatumika, kisha hutakiwa kusema kama eneo limenufaika. Haya ninayoyaandika leo niliyasema kwanza kwa utaratibu wa kawaida: kwenye maoni ya rasimu, kwenye vikao, na kwa barua zilizogongwa muhuri wa kupokelewa. Majibu yalikuwa ya heshima na yalifanana: suala linafanyiwa kazi. Wakati linafanyiwa kazi, misamaha mingine ya kodi ilisainiwa kwa kutumia fomu zilezile. Sitaji mtu wala ofisi, kwa kuwa kasoro hii nimeikuta katika ofisi zisizojuana kabisa.

Dai langu ni moja. Mnatumia fedha za umma kuleta ajira, lakini hamjajiwekea njia ya kujua ni ajira zipi zimeletwa na fedha hizo na zipi zingekuja zenyewe. Naligawa dai hilo katika hoja zifuatazo.

1. Ajira ya kwenye karatasi

Fomu ambayo kampuni hurudisha ofisini kwenu mara nyingi ina kisanduku kimoja tu: "Idadi ya ajira zilizotengenezwa." Hakuna safu ya mshahara, ya saa za kazi, ya tarehe ya kuanza na kuacha, wala ya mahali mtu alipokuwa akifanya kazi kabla ya hapo. Namba ikijazwa, inapanda kwenda kwenye ripoti ya robo mwaka, kutoka hapo inaingia kwenye hotuba, na hakuna tena anayeigusa.

Niliwahi kufuatilia namba moja ya namna hiyo hadi kwenye daftari la mishahara. Majina yaleyale yalijitokeza kila robo mwaka, kwa sababu mikataba ilikuwa ya miezi 3 na ilisainiwa upya kila ilipokwisha. Kwenye jumla ya mwaka, mtu mmoja alikuwa ameshakuwa ajira 4. Mlinzi aliyekuwa amesimama getini tangu enzi za mmiliki wa zamani alihamishiwa kwenye orodha ya mwajiri mpya, naye akahesabiwa ajira mpya. Vibarua waliomwaga zege la msingi walikuwamo pia, ingawa walikwishaondoka kabla mashine hazijafungwa. Hapakuwa na jina la uongo hata moja. Kila mtu alikuwapo kweli, ila alihesabiwa kwa namna inayompendeza anayehesabu.

Ahadi nazo ni mbaya zaidi, maana huripotiwa kabla hata ya daftari la mishahara kufunguliwa. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin, Marekani, lilikubaliana na kampuni ya Foxconn ya Taiwan ijenge kiwanda na kuajiri watu hadi 13,000, nalo jimbo lingetoa vivutio vya uwekezaji, kama nafuu za kodi, vya karibu dola bilioni 3. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: ajira 1,454, na nafuu ya kodi isiyozidi dola milioni 80. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo tofauti kati ya tangazo na soko la ajira. Hata hivyo jambo moja jimbo lile lililifanya sawasawa: nafuu yake ya kodi ilifungamanishwa na ajira zilizohakikiwa, kwa hiyo lengo la mwaka wa kwanza lilipokosekana, nafuu hiyo haikutolewa. Serikali za mitaa hazikuwa na kinga hiyo. Zilikuwa zimekwisha kununua ardhi, kujenga barabara na kulaza mabomba.

2. Hakuna anayeuliza ingekuwaje bila mradi

Hii ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote, na ndiyo inayofutwa haraka zaidi kwenye rasimu zangu.

Wahenga walisema jogoo awike asiwike, kutakucha. Ripoti nyingi nilizozisoma zinahesabu mapambazuko na kumlipa jogoo. Kabla ya mradi kulikuwa na ajira kadhaa, baada ya mradi zimeongezeka, basi nyongeza yote inaandikwa kwa jina la mradi. Lakini katika kipindi hichohicho pengine bei ya bidhaa inayozalishwa hapo ilipanda duniani, au barabara kuu ilikamilika, au uchumi wa nchi nzima ulikuwa unakua na kila eneo lilikuwa linapata.

Timothy Bartik, mchumi aliyetumia miaka mingi kuchunguza vivutio vya uwekezaji nchini Marekani, mwaka 2018 alipitia makadirio ya tafiti zilizopo na kuonyesha kwamba vivutio huamua mahali kampuni itakapojenga katika asilimia kati ya 2 na 25 tu ya kesi. Zilizobaki zingefanya uamuzi uleule bila kupewa chochote. Fanyeni hesabu hiyo mezani kwenu. Tuseme kivutio kwa kila ajira ni sawa na mshahara wa miaka 2. Kama kampuni 1 kati ya 4 ndiyo iliyoshawishika, kila ajira iliyoletwa kweli imegharimu mshahara wa miaka 8. Kama ni 1 kati ya 50, imegharimu mshahara wa miaka 100. Ripoti yenu itaendelea kuandika miaka 2.

Sisemi kwamba uwekezaji mkubwa hauna faida. Michael Greenstone, Richard Hornbeck na Enrico Moretti walichapisha mwaka 2010 utafiti uliolinganisha kaunti za Marekani zilizopata viwanda vikubwa na kaunti zilizofika hatua ya mwisho ya mchuano zikakosa. Baada ya miaka 5, tija ya viwanda vilivyokuwapo tangu zamani katika kaunti zilizoshinda ilikuwa juu kwa asilimia 12. Naitaja tafiti hiyo kwa ajili ya mbinu yake kuliko jibu lake. Walitafuta eneo lililokaribia kabisa kufanana na mshindi, eneo ambalo kampuni yenyewe ilikuwa imeliona linafaa, wakalifanya kioo. Kwenye mafaili yenu orodha ya maeneo yaliyoomba mradi yakakosa ipo. Sijawahi kuona ikitumika kwa lolote.

Kuna pia suala la kizidishi. Mshauri mwelekezi akiona ajira za moja kwa moja ni chache, huzizidisha: kila ajira ya kiwandani, anaandika, itazaa nyingine kadhaa madukani, kwenye usafiri na kwenye nyumba za kupanga. Moretti huyohuyo alikadiria mwaka 2010 kwamba katika miji ya Marekani kila ajira mpya ya kiwandani iliambatana na ajira 1.6 hivi katika biashara na huduma za hapohapo. Makadirio hayo yametokana na miji ya nchi moja katika kipindi kimoja. Kuyachukua yalivyo na kuyapandikiza kwenye wilaya ambako mshahara unatumwa kwa familia zilizo mbali, na bidhaa karibu zote zinatoka nje ya eneo, ni kubuni. Majedwali ya pembejeo na mazao, yanayoonyesha kila sekta ya uchumi inanunua nini kutoka sekta nyingine, yale yaliyompatia mchumi Wassily Leontief Tuzo ya Nobel mwaka 1973, nayo yana sharti ambalo washauri hawalisemi: yakitumiwa kwa namna hii huchukulia kwamba wafanyakazi wanaohitajika wapo wamekaa bure wanasubiri kuitwa. Fundi akitolewa kwenye karakana iliyokuwapo na kupelekwa kwenye kiwanda kipya, jedwali linaona ajira imeongezeka. Mwenye karakana anaona fundi ameondoka.

3. Mipaka ya utawala haigawi soko la ajira

Mfanyakazi hasimami mpakani kuuliza ameingia wilaya ya nani. Mnapima ukosefu wa ajira ndani ya mipaka iliyochorwa kwa ajili ya uchaguzi na ukusanyaji wa kodi, huku watu wakilala eneo moja na kufanya kazi jingine. Matokeo yake, wilaya yenye viwanda inasifiwa, na jirani yake, ambayo ndiyo inayowalaza, kuwasomeshea watoto na kuwatibu wafanyakazi hao, inaitwa dhaifu.

Dawa yake inajulikana. Uingereza huchora upya maeneo ya safari za kwenda kazini kwa kutumia takwimu za sensa. Kwa kawaida angalau asilimia 75 ya wakazi wanaofanya kazi huwa wanafanya kazi humohumo, na angalau asilimia 75 ya wanaofanya kazi humo huwa ni wakazi, ingawa kwa maeneo makubwa kiwango hicho hulegezwa. Sensa ya 2011 ilitoa maeneo 228. Marekani nayo ina kanda za safari za kazini zinazounganisha kaunti, na watafiti huzitumia kila siku. Kinachotakiwa ni swali moja tu kwenye dodoso: unafanyia kazi wapi?

Pasipo swali hilo hamwezi kujua kama ajira imezaliwa au imehamishwa. Kampuni ikivuka mpaka kilomita chache kufuata msamaha wa kodi, eneo inakohamia linaripoti ajira mpya, eneo inakotoka linapoteza, na wafanyakazi ni walewale, sasa kwa nauli kubwa zaidi. Nimeona ripoti mbili za maeneo jirani ambazo ukizijumlisha unapata maendeleo ambayo hayakutokea popote.

4. Kiwango cha ukosefu wa ajira si picha ya maisha

Kwa kanuni za kimataifa zilizothibitishwa mwaka 2013 na Mkutano wa 19 wa Wanatakwimu wa Kazi, mtu aliyefanya kazi ya malipo au faida kwa angalau saa 1 katika wiki ya rejea, yaani wiki anayoulizwa, anahesabiwa kuwa ameajiriwa. Kanuni hiyo ina sababu zake za kitaalamu na sigombani nayo. Ninachogombana nacho ni kuisoma nusu. Maazimio hayohayo yanataka zipimwe pia saa pungufu za kazi, pamoja na watu wanaotaka kazi lakini wameacha kuitafuta kwa kuwa wanajua haipo. Vipimo hivyo mnavyo kwenye dodoso, lakini havifiki kwenye taarifa kwa umma. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya walioajiriwa duniani, wako kwenye ajira isiyo rasmi. Kwa eneo la namna hiyo, kutangaza kiwango cha ukosefu wa ajira peke yake ni sawa na kutotangaza kitu.

Isitoshe, kiwango hicho kinaweza kushuka kwa sababu za kusikitisha. Olivier Blanchard na Lawrence Katz walionyesha mwaka 1992 kwamba jimbo la Marekani likipata pigo la ajira, kiwango cha ukosefu wa ajira hurudi kwenye hali yake ndani ya miaka kama 5 hadi 7, na sababu kuu ni kwamba watu huondoka. Ajira zenyewe hazirudi. Baadaye, mwaka 2013, David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walichunguza kanda 722 za safari za kazini za Marekani zilizokumbana na ushindani wa bidhaa za China, wakakuta picha tofauti: wengi hawakuhama. Walibaki hapohapo, wengine bila kazi, wengine wakiacha kabisa kutafuta, na malipo ya ulemavu na misaada ya serikali yakaongezeka. Kwa hiyo tarakimu moja iliyoshuka inaweza kumaanisha watu wamepata kazi, wamehama, au wamekata tamaa. Taarifa zenu hazisemi ni lipi.

Na tarakimu yenyewe mara nyingi haibebi uzito mnaoutwika. Utafiti wa nguvu kazi wa nchi nzima ukiukata hadi ngazi ya wilaya, waliohojiwa wanabaki wachache na ukingo wa makosa, yaani kiasi ambacho makadirio yanaweza kupishana na ukweli, unapanuka. Ukitaka kuupunguza kwa nusu lazima sampuli iongezwe mara 4. Nimeshuhudia kushuka kwa nukta chache kukishangiliwa kama ushindi wa sera, ilhali badiliko hilo lilikuwa ndani ya ukingo wa makosa.

5. Anayetathminiwa ndiye anayemlipa mtathmini

Hapa nazungumzia ugali wangu mwenyewe, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi ya mtathmini, huandikwa na idara inayotekeleza mradi. Rasimu inarudi kwa idara hiyohiyo. Malipo ya mwisho hutoka idara hiyohiyo ikisharidhika. Ripoti isiyoridhisha haichapishwi, na aliyeiandika haitwi tena. Sihitaji kueleza zaidi.

Muda nao umepangwa kinyume. Tathmini ya mafunzo ya kazi hudaiwa miezi michache baada ya cheti kutolewa. David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber, waliochambua kwa pamoja tafiti zaidi ya 200 mwaka 2018, walikuta kwamba kwa wastani programu za namna hii huwa na athari ndogo sana mwanzoni, na faida huanza kuonekana miaka 2 hadi 3 baada ya kukamilika. Kwa ratiba yenu, mafunzo mazuri yanaweza kufungwa kabla hayajazaa, na msamaha wa kodi usio na faida ukaongezewa muda kwa sababu sherehe yake ya uzinduzi ilifana.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa nimeshayasikia.

Mtasema hizo ni siri za kibiashara. Si lazima ziwe siri. Julai 2016 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutakiwa kuchapisha misaada ya serikali kwa kampuni iliyozidi euro 500,000, jina la mpokeaji likiwamo. Nchini Marekani, kanuni ya uhasibu ya mwaka 2015 iliyopewa namba 77 inazitaka serikali za majimbo na za mitaa zinazofuata viwango hivyo kuonyesha kwenye hesabu zao mapato zilizoyapoteza kwa misamaha ya kodi. Wawekezaji hawakukimbia Ulaya wala Marekani kwa sababu hiyo.

Mtasema kila eneo ni la pekee, halina mwenzake wa kulinganishwa naye. Mbona ombi la fedha liliambatanishwa na mfano wa mafanikio kutoka eneo jingine? Kama mlinganisho ulifaa wakati wa kuomba, unafaa wakati wa kupima.

Mtasema si haki kuwanyima watu mradi ili kupata kundi la kulinganisha. Lakini tayari mnawanyima. Nafasi za mafunzo huwa chache kuliko waombaji, na wanaochaguliwa huchaguliwa kwa vigezo ambavyo waliokosa hawavijui. Pigeni kura ya bahati nasibu mbele ya waombaji wenyewe, mtunze majina ya waliokosa, muwafuatilie wote kwa pamoja. Haki itaongezeka, na kundi la kulinganisha mtakuwa mmelipata bila gharama ya ziada. Miradi inayosambazwa kwa awamu nayo iko hivyohivyo: maeneo ya awamu ya mwisho ndiyo kioo cha maeneo ya kwanza, mradi tu takwimu zao zikusanywe tangu siku ya kwanza.

Mtasema hakuna fedha. Hili nalikubali kwa nusu. Uchunguzi mkubwa wa kaya ni ghali kweli. Lakini kumbukumbu za michango ya hifadhi ya jamii na makato ya kodi ya mshahara tayari zipo serikalini, zina mwajiri, mfanyakazi, mwezi na kiasi. Zikifutwa majina na kuunganishwa, zinajibu sehemu kubwa ya hoja ya kwanza na ya pili kwa upande wa ajira rasmi. Kikwazo ninachokutana nacho si bei. Ni ofisi mbili zisizokubaliana nani amwandikie mwenzake kwanza.

Kwa heshima, naomba yafuatayo yafanyike kabla bajeti ijayo haijapitishwa:

(a) Ifunguliwe rejesta ya wazi ya vivutio vyote vya uwekezaji: nani amepewa, kiasi gani, kwa ahadi gani, na ahadi imefikia wapi.

(b) Ajira ihesabiwe kwa miezi ya kazi ya kutwa iliyolipwa, pamoja na mshahara wa kati (wa mtu aliye katikati ya orodha ya mishahara) na idadi ya waliokuwa wakazi wa eneo kabla ya mradi. Mkataba uliosainiwa upya usihesabiwe mara mbili, na ajira za ujenzi ziandikwe kando.

(c) Mradi usipewe fedha mpaka uwe na ukurasa mmoja unaoeleza utalinganishwa na nini, ukisainiwa kabla ya uzinduzi.

(d) Kila mkataba wa vivutio uwe na kifungu cha kurejesha fedha ahadi isipotimizwa, na malipo yafuate ajira zilizohakikiwa. Masharti hayo yaifunge pia miundombinu inayojengwa kwa fedha za serikali za mitaa.

(e) Takwimu za ajira zitolewe kwa maeneo ya safari za kwenda kazini, zikiwa na ukingo wa makosa na vipimo vya saa pungufu na waliokata tamaa.

(f) Kandarasi za tathmini zitolewe na chombo kisichotekeleza miradi, na kila ripoti ichapishwe ndani ya siku 60 tangu ikabidhiwe, iwe imewafurahisha au haikuwafurahisha.

Kipengele (c) na (f) havihitaji sheria mpya. Vinahitaji waraka wa ndani na saini.

Kama kuna ombi mnaloliona halitekelezeki, naomba mlitaje kwa herufi yake, mweleze sababu, na mjibu hadharani kama nilivyoandika hadharani. Nakala ya barua hii nimeipeleka pia kwa wakaguzi wa hesabu za umma na kwa wawakilishi wanaopitisha bajeti, ili jibu lenu lisibaki kati yangu na masijala.

Wenu katika utumishi,

Mtathmini wa miradi ya maendeleo